Mwendo wa Hewani, Mwendo wa Ardhini

Sikurusha ndege. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mwezi uliopita, katika chakula cha mchana walichoniandalia wanafunzi wangu wa zamani pale Kibiti, Selemani, ambaye sasa ana kipara na wajukuu, alisimama na mnofu wa kuku mkononi akawatangazia watu wote kwamba Mwalimu Teodora aliishika ndege kwa mikono yake mwenyewe akaipitisha juu ya paa la shule. Watu wakapiga makofi. Vijana wakanitazama upya, mimi mstaafu mwenye magoti mabovu. Niliinua kidole nisahihishe, lakini Mwanahawa, aliyekaa kando yangu, akanishika mkono akaninong'oneza, "Mwache, Mwalimu. Hadithi imeshamkaa." Basi nikamwacha. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikiisahihisha kichwani, na kwa kuwa ualimu haumtoki mtu hata akistaafu, nimeona niiandike kama ilivyokuwa: nani alirusha, nani alipima, nani alikosea. Katika hao waliokosea na mimi nimo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni za kunukia zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imetandazwa kandokando ya barabara kuu, na kila mtu mwenye akili zake alionekana ana kitu anauza. Mwalimu wetu wa jiografia aliacha chaki akaenda kuuza viatu Kariakoo, na kila basi lililotoka Dar lilituletea sifa zake: amenenepa, amenunua redio, amesahau njia ya Kibiti. Mimi nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha fizikia, na barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika. Ilibaki kutia tarehe tu. Nilipanga chumba kwa Bi Tatu, mama mtu mzima wa hapohapo, ambaye barazani kwake alikuwa akipika na kuuza chakula. Dirisha langu lilikuwa la mbao, halina kioo, nalo lilifungukia kwenye baraza hiyo, hivyo kila kilichosemwa na wala chakula nilikisikia kama kimesemwa kwenye mto wangu. Nilijua nani kaoa, nani kaachwa, nani kaleta kamba wabichi kutoka Nyamisati na nani kaleta waliochacha. Harufu ya wali wa nazi iliingia chumbani kabla ya saa sita na haikutoka mpaka jioni. Nikiulizwa leo maisha mazuri yananuka vipi, nitajibu hivyo.

Mwaka huohuo, Kidato cha Tatu walinishinda katika mada moja: mwendo wa kitu kilichomo ndani ya kitu kingine kinachokwenda. Kitabu kilitoa mfano wa mtu anayetembea ndani ya garimoshi. Nikachora garimoshi ubaoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulipanda, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelipanda mara moja tu, nikalala njia nzima. Mwanahawa akanyoosha mkono. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye sauti ya juu, kutoka kitongoji cha Mkandaani huko ndani ya delta, ambako mama yake alilima mpunga. "Mwalimu, si kama mtumbwi tu?" alisema. "Maji yakiwa yanatoka, unapiga kafi kidogo unafika mbali. Yakiwa yanaingia, unapiga kafi mpaka mabega yanawaka, ukitazama, mkoko uleule uko ubavuni. Mtu akitaka kujua kama anakwenda, haangalii kafi wala povu. Anaangalia mikoko." Darasa likacheka kwa kukubali. Mimi nikasema, "Vizuri, kaa," nikarudi kwenye garimoshi langu, kwa sababu mtumbwi haukuwamo kitabuni. Hadi leo naona haya.

Ndege ilikuja pamoja na upepo wa kusi, ule utokao kusini, mpunga ukiwa umeanza kukomaa. Ilikuwa ndogo, ya viti vinne na injini moja, ikawa inalala kwenye kiwanja cha majani kilichofyekwa nje ya mji. Rubani wake, Kapteni Rajabu, alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mnene, mwingi wa vicheko, na siku ya kwanza tu alimwambia Bi Tatu kwamba ameshakula katika nchi saba na hajaona mchuzi wa kamba kama ule. Tangu siku hiyo akawa anapakuliwa sahani mbili. Bwana Msafiri, mpimaji, alikuwa kinyume chake: mrefu, shati lenye mifuko minne, kalamu tatu, kofia ya pama asiyoivua hata akila, na neno "kitaalamu" mdomoni. Walikuwa wakikaa benchi moja, na kati yao wakaacha nafasi ya mtu wa tatu.

Kazi yao ilikuwa kuchora upya ramani ya delta, ijulikane wapi ni mikoko ya hifadhi na wapi ni mashamba ya watu. Ndege ilianzia mahali panapojulikana, kama mdomo wa mto, ikaruka mstari mnyoofu. Bwana Msafiri alikaa kiti cha nyuma na saa na daftari. Wakitoka juu ya mikoko kuingia juu ya shamba, aliandika sekunde. Wakitoka shambani, aliandika tena. Wakitua alizigeuza sekunde kuwa kilomita kwa kutumia spidi aliyotajiwa na rubani, akachora. Siku hizi simu ya mjukuu wangu ingeuliza setilaiti na kujibu kabla hujamaliza swali. Wakati ule kilichokuwapo ni saa, daftari na neno la rubani.

Jumatatu moja Mwanahawa alirudi kutoka kwao macho yamevimba. Karani wa mradi alikuwa amefika Mkandaani na rasimu ya ramani, akawaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mashamba yao iko ndani ya msitu wa hifadhi.

"Mama ameambiwa avune wa mwaka huu, mwakani asipande," alisema.

"Pengine ni kweli pana mikoko, mwanangu."

"Mwalimu, nilisimama palepale walipopasema. Mpunga unanifika kifuani. Kwenye ramani pameandikwa mikoko."

Nikamwambia aende darasani. Lakini jioni ileile, nikiwa chumbani nasahihisha madaftari, jibu likaja lenyewe kupitia dirishani.

"Mistari yako haikutani, Kapteni," Bwana Msafiri alikuwa akisema. "Tukielekea kusini mashamba yanarefuka, tukielekea kaskazini yanafupika. Mashamba yaleyale! Wewe unapinda."

"Mimi sipindi. Nikisema nimenyoosha, nimenyoosha."

"Basi spidi unayonitajia si ya kweli."

"Umeniuliza saa ya spidi inasema ngapi, nikakwambia mia na sitini. Kwenda mia na sitini, kurudi mia na sitini. Ukitaka nyingine, uliza nyingine."

Kalamu ikanitoka mkononi. Nikasukuma dirisha, nikatoa kichwa. "Shikamoo Kapteni, shikamoo Bwana Mpimaji. Samahani. Hiyo mia na sitini ni ya kwendea wapi?"

"Mwalimu!" Bi Tatu alishtuka na upawa wake. "Toka nje uulize kama watu."

Kapteni Rajabu hakushtuka. Aliniangalia akitafuna, akameza, akatabasamu. "Ni ya hewani, mwalimu."

"Na ya ardhini?"

"Hiyo," alisema, "hakuna aliyeniuliza."

Bwana Msafiri aliinuka. "Kitaalamu," alisema, "spidi ni spidi," akaondoka zake na ugali wake haujaisha.

Kesho yake baada ya vipindi nilikwenda kiwanjani. Kapteni alinionyesha kijibomba kilichochomoza chini ya bawa, mdomo wazi ukitazama mbele, kimevishwa kifuko chekundu nyigu wasijenge ndani. Alikivua. "Ndege ikienda, hewa inajisukuma humu," alisema. "Na pale ubavuni kuna kitundu kingine, hicho kinapokea hewa iliyotulia. Saa yangu inalinganisha misukumo hiyo miwili, basi. Nikiwa juu sana, hewa nyepesi, hata hapo inapungukiwa kidogo. Lakini kwa hapa tunaporukia, inatosha. Inajua nakatiza hewa kwa kasi gani, na mimi hilo ndilo ninalolitaka, maana hewa ndiyo inayonibeba. Ikipungua naanguka. Ardhi haiijui kabisa."

"Na hewa yenyewe ikiwa inakwenda?"

"Inakwenda na mimi."

Kichwani nikamwona Mwanahawa na kafi lake. Nilirudi mjini karibu nikikimbia.

Bwana Msafiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma kwa taabu, akapima ardhi kwa miguu miaka mingi, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupima akiwa angani. Hilo nalijua sasa. Wakati ule niliona kofia tu. Alinisikiliza barazani, akamtuma Bi Tatu amwongezee chai, kisha akasema, "Nionyesheni kwa kipimo. Kikifunga, yaani hesabu zikikubaliana, nitachora upya mistari yote. Kisipofunga, Ijumaa ramani inakwenda Dar es Salaam."

Mwalimu Mkuu alituruhusu asubuhi moja. Kidato cha Tatu wote tulikwenda kwenye kipande cha barabara kilichonyooka kaskazini kusini nje ya mji, tukiwa na tepu ya michezo ya mita hamsini, ile ya kupimia miruko. Tuliilaza mara themanini, Selemani akihesabu kwa sauti, na kila mara lilipopita lori tulikimbilia majanini kisha tukarudi kwenye alama yetu ya chaki. Kilomita nne kamili. Kila mwisho tukatandaza shuka jeupe la Bi Tatu, ili lionekane toka juu. Bibi mmoja mwenye kikapu cha mihogo alisimama penye shuka la kwanza, akashika kifua. "Jamani, nani amefariki?"

"Hajafariki mtu, bibi," Selemani akamjibu. "Tunapima ndege."

"Ndege! Na sanda ya nini?"

Alikataa kuondoka mpaka aone mwisho wake. Ndege ilipopaa, walikuwapo watu wasiopungua mia.

Mimi nilikuwa ndani yake, kiti cha mbele, na saa ya mbio ya shule imefungwa kamba mkononi. Sikuwahi kuruka kabla. Bwana Msafiri alikuwa nyuma na saa yake, maana hakuiamini ya shule. Tulipopita juu ya shule Kapteni akasema, "Shika usukani huo wa upande wako, mwalimu, uusikie," nikaushika kwa vidole viwili muda wa kumeza mate mara mbili. Hapo ndipo Selemani alipopatia hadithi yake. Kisha tukanyoosha kuelekea kaskazini, upepo wa kusi mgongoni. Saa ya spidi ikasimama kwenye mia na sitini. Shuka la kwanza likapita chini, nikabonyeza; nikavuta pumzi chache tu, la pili likaja kama limerushwa. Sekunde sabini na mbili. Tukageuka. Saa ya spidi ikarudi palepale, mia na sitini, injini ikinguruma vilevile, lakini barabara chini ilikuwa kama imegoma. Kulikuwa na lori la mizigo linaelekea kusini, na tulilipita polepole, kwa adabu, kama mtu anayempita mkwewe njiani. Sekunde mia na ishirini. Niligeuka nyuma. Bwana Msafiri alikuwa akiitazama saa yake kwa uso wa mtu aliyeuziwa samaki jana akamfungua leo.

Tulipotua nilipiga hesabu haraka, juu ya daftari lililowekwa kwenye bawa, wanafunzi wakinizunguka. Kwenda na kurudi ni kilomita nane. Sekunde mia moja tisini na mbili. Nikagawanya. Ikatoka kilomita mia na hamsini kwa saa.

"Mia na hamsini," alirudia Bwana Msafiri taratibu. "Upepo umekupa ulipokwenda, umekunyang'anya uliporudi. Vingefutana, ingetoka mia na sitini kama saa ya ndege. Haikutoka. Mmeruka hesabu ya tepu mahali fulani, mwalimu. Kipimo hakifungi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mwalimu, na hilo ndilo lililoniuma. Nilirudi chumbani, nikaitoa ile barua ya kuacha kazi, nikaitazama. Bi Tatu aliniletea wali na kichwa cha samaki, akaviweka mezani, akarudi jikoni.

Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya kengele ya shule, Mwanahawa alikuja akihema mlangoni. "Mwalimu, umezijumlisha dakika."

"Ndiyo. Sasa?"

"Haziwi sawa. Kwetu, maji yanayokusaidia unayaaga mapema. Yanayokupinga unakaa nayo, unakaa nayo, mpaka unayachoka. Yanakula muda mwingi kuliko ule waliokupa wenzao. Kila safari ihesabie peke yake kwanza."

Nilichukua kipande cha mkaa jikoni nikapiga magoti kwenye sakafu ya baraza. Kilomita nne kwa sekunde sabini na mbili: mia mbili kwa saa. Kilomita nne kwa sekunde mia na ishirini: mia na ishirini kwa saa. Katikati ya mia mbili na mia na ishirini ni mia na sitini. Upepo ni arobaini. Nikaandika tena, herufi kubwa zaidi. Bi Tatu alitoka akaona sakafu yake. "Hii ndiyo elimu? Nimepiga deki sasa hivi!" Lakini Kapteni Rajabu alikuwa amekuja kunywa chai, akainama kusoma, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo. "Imefunga!" alisema. "Imefunga kama mlango wa benki!"

Bwana Msafiri alipofika, aliisoma hesabu ile ya mkaa sakafuni. Kisha akachuchumaa, akatoa daftari lake mfukoni, akafungua mstari wa Mkandaani. Ulirukwa mara moja tu, kuelekea kaskazini, upepo mgongoni. Mpunga ulianza sekunde ya mia na themanini, ukaisha sekunde ya mia mbili na sabini. Akauchukua mkaa kutoka mkononi mwangu. Kwa mia na sitini, shamba linaanzia kilomita ya nane na kuishia ya kumi na mbili. Hivyo ndivyo alivyochora. Kwa mia mbili, linaanzia ya kumi na kuishia ya kumi na tano. Akapiga mstari chini ya kumi na mbili, na mwingine chini ya kumi na tano.

"Hizi kilomita tatu," alisema, "nimeziandika mikoko."

"Ni mpunga," nikasema. "Unamfika huyu kifuani."

Alimtazama Mwanahawa, akavua kofia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona nywele zake; zilikuwa nyeupe. "Upepo wa siku ile si lazima uwe wa jana," alisema baadaye, akimgeukia Kapteni. "Hatuwezi kutumia arobaini hii. Itabidi turuke kila mstari kwenda na kurudi."

"Mbona mimi nipo," alijibu Kapteni, akasogea kwenye benchi. Bwana Msafiri akakaa, safari hii kando yake kabisa, na Bi Tatu akawamiminia chai kutoka birika moja.

Walirudia mistari yote. Wiki nyingi ndege ilikwenda na kurudi juu yetu, na jioni barazani palikuwa na sekunde, mikoko na kamba wa nazi kwenye mazungumzo yaleyale. Mimi nilisaidia hesabu. Karatasi zilipoisha nikapigia nyuma ya barua ya kuacha kazi, kwa kuwa ilikuwa na upande mmoja mtupu, na nilipomaliza mstari wa mwisho haikuwa tena barua ya kumpelekea mtu. Mpaka mpya uliwekwa nje ya mashamba ya Mkandaani. Mama yake Mwanahawa alipanda mwaka uliofuata na miaka yote baadaye, na mchele wake mpya wa mavuno ya mwaka ule tuliula kwa Bi Tatu, wa kwanza kupakuliwa akiwa mtu wa Tanga. Watu huniuliza mbona sikuondoka kama wenzangu kwenda kutafuta maisha. Nawajibu kwamba mwaka ule nilimwona mtoto akimfundisha mwalimu, mwalimu akamfundisha mpimaji, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Biashara yenye faida kama hiyo sikuiona Kariakoo.

Siku chache kabla ya mradi kufunga mizigo, Bwana Msafiri aliomba dakika arobaini za Kidato cha Tatu. Sikumwomba mimi. Aliingia bila kofia, akasimama mbele ya ubao, nami nikaenda kukaa benchi la nyuma na wanafunzi. "Naitwa Msafiri," alisema, "na mimi ndiye niliyechora mikoko kwenye mpunga." Akachora ndege, akachora mshale wa mwendo wake ndani ya hewa, na mshale wa upepo. Akaeleza jinsi mishale hiyo inavyojumlishwa ikielekea upande mmoja, inavyopunguzana ikigongana, na jinsi upepo wa ubavuni unavyoisukuma ndege pembeni hata kama pua imenyooka. Hakutumia neno kitaalamu hata mara moja. Sijaona somo zuri kama lile kabla wala baada yake, na nimekagua walimu wengi.

Alipomaliza akafuta mikono. "Kuna swali?"

Mwanahawa akasimama. "Asante, Bwana Mpimaji. Ninalo moja. Karani wenu alituambia kuwa mwaka jana mlianzia upande wa Utete. Huko mlipima vipi?"

Bwana Msafiri aligeuka, akautazama mshale wa upepo ubaoni. Kupitia dirishani, kutoka upande wa kiwanja cha majani, tulisikia Kapteni Rajabu akijaribu injini kwa ajili ya safari ya kurudi nyumbani. Bwana Msafiri aliweka chaki mezani, akatuaga kwa kuinamisha kichwa, akatoka. Alipofika uani alianza kutembea haraka, kisha tukamwona, mtu mzima yule na mifuko yake minne, anakata mbio kwenye jua la mchana akipunga mikono yote miwili na kupaza sauti, "Kapteni! Kapteni Rajabu! Usifunge mizigo!"